Mwihaki wa Kisaju

Kitengela,
Jumanne.

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai goti linakuacha ulale, na kwamba Ngigi anakununulia dawa bila kusukumwa na dada zake. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenipa kikohozi. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningekudanganya, kwa sababu nimeshaahidi kukudanganya, na hapa chini nitakueleza nilimwahidi nani.

Kwanza habari za kazi, maana kila Jumapili unaniuliza nami nakujibu nusunusu. Kitabu changu cha pili kinatoka Agosti. Kabla ya hapo kuna hadithi yangu fupi katika mkusanyiko wa hadithi za kutisha, na redio moja ya Nairobi imeomba kukisoma kile cha kwanza hewani kila Ijumaa. Najua uliwaambia akina mama wa kanisa wakaniombea. Washukuru, lakini usiwaeleze sana, maana wangejua walichokuwa wanaombea wangefunga vitabu vyao vya nyimbo na kwenda nyumbani.

Habari kubwa unayo tayari, kwamba Ciku wetu amejifungua msichana kule Kajiado. Nilienda kumwona na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi. Mtoto ana nywele nyingi, na masikio ni yako kabisa, hayo yanayosimama kama yanasikiliza maneno ya jirani. Mumewe Njuguna alikuwa anatabasamu tu. Kwa vile msichana wao wa kwanza alichukua jina la mama yake Njuguna, sote tulijua huyu wa pili ni wewe, atabeba jina lako. Ngigi ameniambia umeshonesha nguo mpya ya kuja nayo Jumamosi kujiona.

Mama, mtoto hataitwa Mwihaki. Ciku anataka achukue jina la shangazi yake Njuguna, na amenisihi nikwambie kwamba mama yake Njuguna ndiye aliyeshikilia hivyo. Nilikubali. Lakini yule mama hana kosa lolote. Ciku mwenyewe anasema mama huyo alimsihi afikiri tena, kwamba jina la mama mzazi halirukwi.

Kosa ni langu. Uliponiomba nakala ya kitabu changu nilikwambia zimeisha. Hazikuisha, ziko kabatini. Kitabu kinaitwa Mwihaki wa Kisaju. Huyo Mwihaki ni mzuka wa mwanamke anayesimama kando ya barabara ya Namanga na kusimamisha magari ya madalali waliouza shamba moja kwa watu wawili. Anakaa kiti cha nyuma, anauliza kwa upole shamba ni la nani. Anayemdanganya hafiki nyumbani.

Nilimtoa kwako. Baba alipofariki na ndugu zake wakaja na mpimaji wa shamba, ulisimama langoni na jembe, hukuinua sauti, na hakuna aliyepita. Nilitaka mwanamke wa namna hiyo, na jina jingine lilikataa kumkaa. Nilidhani nakuheshimu. Wasomaji walimwogopa, na kwa vile kuogopwa ndiko kulikouza kitabu, nikazidi kumtia makucha. Katika hiki cha pili nimemfanya abebe hata watoto wa madalali, wasionekane tena. Niliandika hayo nikijua jina ni la nani. Naona aibu hata kukuandikia, Mama.

Sasa watoto wa shule Kajiado wanatishana na jina lako wakienda chooni. Msichana mkubwa wa Ciku alipoambiwa mdogo wake ni Mwihaki, alilia na kukataa kumshika. Ciku alinisimulia hayo bila hasira, huku akinipakulia njahi nilizompelekea, na mimi nikala.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisema. Daktari aliponiambia sitapata mtoto, ulinifariji, nami nikajifanya nimefarijika. Kilichoniliza ni kwamba sitakuzaa. Ciku angekuzaa, Ngigi akioa angekuzaa, mimi peke yangu hapana. Ndiyo maana nikakuweka kitabuni, ili na mimi niwe na Mwihaki wangu wa kumwita. Nimekuzaa vibaya, halafu nimemzuia aliyekuzaa vizuri.

Jana nilimpigia mchapishaji nikamwambia jina hilo litoke kwenye kitabu cha pili, ama kitabu kisitoke kabisa. Amekasirika sana, kwa sababu jalada limeshachorwa, jina lako juu kwa herufi nyekundu na langu chini. Redio nimeikatalia. Kile cha kwanza kiko mikononi mwa watu na siwezi kukirudisha. Ciku naye nimemwambia kwamba nakuandikia ukweli. Akasema mtoto hajapelekwa kanisani kubatizwa bado, na kwamba atakusikiliza wewe.

Kwa hivyo njoo Jumamosi na nguo yako mpya. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mbele yao wote, mama yake Njuguna akiwepo, ili asibebe lisilo lake. Nitakuwa jikoni nakoroga uji.

Msalimie Ngigi, na mwambie nilikosea kumfanya akufiche habari za kitabu. Msalimie pia jirani yako Nzilani. Nimekuwa nikiwaza kwamba tangu Baba aondoke hakuna anayekuita Mwihaki. Kanisani, sokoni, hata nyumbani wakija wageni, wewe ni Mama Rahab. Umetembea na jina langu miaka hii yote, na sijawahi kusikia mtu akilitaja kwa ubaya.

Ni mimi binti yako,
Rahab.