Bibi, Dawa!

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Shangazi yako anaandika, mimi nasema. Sisi wazima, na mbuzi kazaa.

Nasikia unataka kuacha somo la kompyuta hapo sekondari kwa sababu darasa zima liliicheka programu yako. Ati ya kitoto! Ile uliyoniwekea kwenye simu, inayopiga kelele "Bibi, dawa!", jana ilinifokea katikati ya mazishi. Watu wakaangua kicheko, nami nikameza vidonge vyangu vya presha pale pale. Zamani nilikuwa nasahau, na mara ya mwisho nilizindukia hospitali. Hilo tulikuficha.

Waambie hao wacheshi kwamba bibi yako anaishi kwa huo utoto wako. Uache somo? Thubutu! Kaa darasani, ujifunze kuipunguza sauti.

Mkeo asiyeachika,
Bibi