Hodi ya Tatu

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa dada yangu Fatu,

Shikamoo dada. Najua umeitika marahaba na pini ziko mdomoni, lakini nimeisikia. Goti linasemaje? Cherehani ya miguu bado unaiweza, au hatimaye umenunua ile ya umeme? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku linaniwasha koo, na moyoni nilikuwa na kinyongo ambacho kimeanza kupungua juzi tu. Barua hii anakuletea mama mdogo. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kukueleza kazi yangu kwa simu, unasema mtandao unakatika, na huku mimi nasikia cherehani inaendelea.

Basi soma taratibu. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge. Tunatengeneza chombo cha kutumiwa na mafundi wa programu. Fundi akitaka kuunda programu ya duka au ya zahanati, anaiandika mara moja kwa chombo chetu, nayo inakubali kwenye kompyuta za aina zote na kwenye simu. Kazi yangu mimi ni msaada uliomo humo humo ndani. Chukulia cherehani yako ingeweza kukwambia, uzi ukikatika, umekatikia wapi na ufanye nini, bila kwenda kumwita mtu. Maneno hayo ndiyo ninayoyaandika. Yanakaa ndani ya chombo, hayahitaji intaneti, na kila jibu nimelibana lisizidi mistari ishirini ili lienee kwenye kioo bila kusogezwa.

Unanijua, darasani sikufika mbali. Haya nimejifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu. Ndiyo maana niliumia pale bosi wetu, Bwana Gaudensi, aliposema msaada utolewe kwenye chombo, uwekwe kwenye tovuti.

"Unakifanya kiwe kizito," akasema.

"Msaada wote ni kilobaiti mia nne, bosi. Picha ya nembo yetu peke yake ni mia tisa."

"Somoe, watu siku hizi wanatafuta mtandaoni."

"Wenye bando."

Alisema tu kwamba ataamua mwisho wa mwezi, na mimi nikaelewa: msaada ukitoka, na mwandishi wake anatoka.

Wiki hiyo hiyo mvua ikashuka. Bonde la Jangwani likajaa maji, barabara ikafungwa, mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Mchana mmoja simu yangu ikaita. Alikuwa Salumu wa Magomeni, mmoja wa mafundi wanaotumia chombo chetu. Kesho yake asubuhi alitakiwa kumwonyesha wakala wa mizigo wa bandarini programu ya kufuatilia makontena. Kompyuta yake ilikuwa imelowa, akaazima ya binamu yake, ya aina nyingine kabisa.

"Dada Somoe, nimekwama. Imeniletea maandishi mekundu, siyaelewi."

"Bonyeza F1, msaada utafunguka."

"Nimebonyeza."

"Unaona nini?"

"Naona giza."

"Giza la nini?"

"Kioo kinafifia, dada. Kila nikikuomba msaada unanipunguzia taa. Nibonyeze tena, au unataka niingie kaburini kabisa?"

Sikucheka. Kwenye kompyuta za ofisini kitufe hicho kinafungua msaada. Kwenye ya binamu yake, kitufe hicho hicho kinapunguza mwanga. Chombo kinajisifu kukubali kompyuta za aina zote, halafu mlango wake wa msaada niliujaribu kwenye aina moja tu. Ni kweli niliwahi kuomba ninunuliwe kompyuta nyingine ya kujaribia, nikaambiwa nisubiri, lakini sababu hiyo ingemfaa nini Salumu? Nikamsomea ukurasa mzima kwa simu, neno kwa neno, mpaka maandishi mekundu yakaondoka.

Bwana Gaudensi alikuwa anasikia. "Si umeona? Simu inatosha."

"Salumu ana namba yangu, bosi. Fundi wa Tunduru hana."

Asubuhi iliyofuata Mama Chausiku, anayetuletea chai na chapati, alisimama mlangoni na birika lake. "Hodi humu." Na bosi, ambaye ukimwita jina huchukua muda kugeuka, akaitika "karibu" bila hata kuinua macho. Hapo nikapata nilichokuwa natafuta. Hakuna wa kufundishwa neno hilo, wala halitegemei kitufe. Nikalitia kwenye chombo: popote ulipokwama, andika hodi, msaada unafunguka. Neno la Kiingereza, "help", nalo nikaliacha lifanye kazi, kwa waliolizoea.

Hodi ya kwanza inakupa jibu fupi. Ya pili inakupa mfano wa kunakili. Ya tatu ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu kwetu mtu akipiga hodi tatu bila kuitikiwa huondoka. Nikakukumbuka wewe. Ukisikia mgeni amefika ya tatu mlangoni kwa jirani, unaacha kushona, unatoa kichwa dirishani: "Hawapo, wako shambani. Usidhani wamekunyima." Basi ya tatu nikaiandika hivi: Majibu yetu yameishia hapa. Huenda kosa ni letu, si lako. Andika ulichokuwa unafanya, mtandao ukirudi kitatufikia.

Maji yalipopungua Salumu akaja na ile kompyuta ya kuazima. Wakala alikuwa ameikubali kazi yake, kwa hiyo alikuja anatabasamu. Nikazima intaneti, nikamkalisha bosi mbele ya kioo.

"Hodi?" akasema. "Kompyuta si nyumba, Somoe."

"Sawa bosi. Lakini mwenye shida yuko nje."

"Andika tu, kaka," Salumu akamwambia. "Hii haizimi taa."

Akaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya mwisho aliisoma, akairudia.

"Nani kakuruhusu kuandika kwamba kosa ni letu?"

"Dada yangu wa Newala."

Aliisoma mara ya tatu, mpaka Salumu akaanza kutazama dari. Kisha akasema, "Picha ya nembo ipunguzwe. Msaada ubaki."

Usidhani sifa zilikuja kwangu. Siku ya kuwaonyesha wateja alisema "tulibuni", na mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikihesabu mara alizolirudia. Zilikuwa nne. Lakini juzi umefika ujumbe wa kwanza kupitia hodi ya tatu, kutoka kwa mtu nisiyemjua, na anwani yake ya barua pepe chini. Hakueleza tatizo lolote. Aliandika neno moja: Hodi.

Nikamjibu: Karibu. Tumeshinda naye asubuhi nzima tukiandikiana, na kosa, dada, lilikuwa letu kweli.

Mwambie mama dawa ya presha haingoji mpaka ajisikie vibaya. Msalimie shemeji, na mjomba wa korosho, mwambie mzigo wake ulifika haujalowa. Wapwa zangu wabusu mmoja mmoja. Na yule jirani yako asiyekuwepo akibishiwa hodi, naye nisalimie, siku utakayomkuta.

Wako uliyemlea,
Somoe