Namba ya Jumatano

Garsen, 9 Juni

Kaka Griffin,

Huku tu wazima. Maji yameondoka shambani na mpunga tumeupanda upya. Kuku wa Mama waliookoka wameanza kutaga.

Tangu mazishi hupigi simu. Najua unajilaumu, kwa sababu ulipiga hesabu zako huko Nairobi ukatuambia maji hayatafika nyumbani kabla ya Jumapili. Tukakaa. Alhamisi mchana yakamchukua Mama akiwafungua mbuzi.

Kaka, hesabu zako hazikukosea. Wiki jana Baba alinikalisha chini akaniambia. Jumatano ile alikwenda kusoma kipimo cha mtoni, kama alivyofanya miaka ishirini, ili akutumie namba ya kupigia hesabu zako, akakuta maji yamefika mita tano. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameongoza maombi kanisani, tukimwomba Mungu ayashushe. Akaona akikutumia hiyo tano, ni kama anamwambia Mungu hamwamini. Akakutumia tatu.

"Niliandika nilichoomba," alisema, "nikangoja maji yaifuate namba."

Nimeshindwa kumkasirikia. Nilikuwa kwenye maombi hayo, na niliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Sasa kanisani haendi, na kipimo nakisoma mimi. Nikirudi namtajia namba, ananiuliza kama nina hakika, kisha anachukua fimbo yake anakwenda kuangalia mwenyewe.

Mpigie simu, Kaka. Usimwambie umemsamehe, atalia. Mwulize tu maji yamefika wapi leo.

Mdogo wako,
Valentine