Uliomba Radhi Zangu, Nikakujibu Habari za Radi

Tumati, Mbulu
Jumanne mchana

Mpendwa mkwe wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa heshima, wewe, mjomba wako na wote wa nyumba yake hapo Katesh. Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Simu nimeishika tangu jana, lakini kila nikifikiria sauti yako ikisema "shikamoo baba", najua nitaishia kukuuliza kama mvua imekaribia. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta na kuanza upya.

Barua hii naikunja bila kuibandika gundi. Nataka mjomba wako aisome, na mwingine yeyote utakayeona inafaa aisome, kwa kuwa jambo lililoharibika kati yetu Jumapili liliharibika mbele za watu. Tulikuwa uani kwa Fabiola, binti wa mdogo wangu, baada ya misa. Joto limewahi sana mwaka huu, wengine wameshaanza kupanda kavukavu kabla ya mvua, na Fabiola na mumewe walikuwa wakichambua mbegu za maharage pamoja na majirani. Nami nilikuwa nimevua sweta, jambo ambalo wewe hukuwahi kuliona katika mwezi kama huu. Kwa ajili ya masikio yangu Fabiola akaiweka simu kwenye spika. Watu wote wakasikia.

Ulinisalimu, nikaitikia. Kisha ukasema kwa sauti ya mtu aliyejizoeza maneno yake: "Baba, kuna mtu ameleta neno kwa mjomba. Anaitwa Emanueli, ana duka la pembejeo hapa karibu na stendi. Mjomba anasema hawezi kumjibu mpaka nikusikie wewe. Naomba radhi zako, baba."

"Radi?" nikasema. "Eeh, redio imetangaza. Joto hili limezidi, na zinaweza kuja mvua za radi kabla ya wakati wake. Muwe waangalifu."

Ukasema, "Sawa baba. Nimesikia," na simu ikakatika.

Jioni Fabiola alinifuata zizini nikiwafunga ndama. "Baba mkubwa, umemfanya nini dada Theresia? Amenipigia analia. Anasema umekataa, na ameshamwambia yule bwana asirudi tena kwa mjomba."

"Nimekataa lini mimi?"

"Umemwambia kuna radi."

"Lakini si kweli redio imetangaza?"

Fabiola alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. "Kwa watu wengine, ndiyo," akasema. "Kwa ninyi wawili, tangu lini radi ikawa radi tu?"

Alisema kweli, mkwe wangu.

Nakumbuka siku ulipofika nyumbani kwetu. Ulitoka Katesh na gauni jekundu, na mvua ya ngurumo ikatukuta sote jikoni: wewe, mumeo Paskali, mama yake, mimi, na mbuzi wawili ambao hawakualikwa. Mama Paskali alikwisha kugeuza kioo kikatazama ukuta. Kisha akaliona gauni lako.

"We binti, vua hiyo nyekundu. Unataka kutuitia radi ndani?"

"Mama, sina nyingine. Sanduku langu bado liko njiani."

Niliondoka kimya, nikaleta koti langu jeusi la kanisani, lile la ukatekista. Kukupa mkononi isingekuwa heshima, hivyo nilimpa mama yako mkwe, naye akakuvalisha. Likakufika magotini. Paskali akacheka mpaka akaegemea mlango: "Baba, sasa umepata msaidizi. Jumapili atasoma matangazo." Wewe ulikuwa unatetemeka kwa baridi na kwa haya pamoja. Ukainamisha kichwa, ukaniambia neno lako la kwanza katika nyumba ile: "Baba, mvua ya huku ni kubwa."

"Ni kubwa, mkwe," nikajibu. "Lakini inapita."

Tukaendelea hivyo miaka yote. Mkwe na baba mkwe hawana mengi wanayoruhusiwa kuambiana. Siwezi kukuuliza kama mumeo anakutunza, wala wewe huwezi kuniambia kwamba nimezeeka na nipumzike. Hali ya hewa ilikuwa halali kwetu, basi tukaipakia kila kitu. Ukisema, "Baba, leo umande ni mzito," nilijua hutaki niende bondeni na kifua changu kile. Paskali alipochelewa kilabuni, asubuhi uliniambia kwamba jana ukungu ulikawia kuondoka, nami nikamwita nikazungumza naye kuhusu ukungu huo. Na siku mama yenu alipoamka na hasira, ulipita karibu nami na ndoo kichwani ukasema bila kusimama, "Baba, jikoni kuna ngurumo." Nami nikaenda kutafuta kazi kwenye boma la mbali.

Mama Paskali aligundua mapema. "Ninyi wawili muombe kazi redioni," alituambia siku moja tukipukuchua mahindi. "Mtu akiwasikiliza atadhani hamna matumbo, mna mawingu tu." Ulificha uso kwa khanga. Mabega yako yalikuwa yanacheka.

Tulimzika Paskali katika joto kama hili la sasa, wakati ardhi imepasuka na mikaratusi inanuka mpaka barabarani. Sikumbuki alichohubiri padre. Nakumbuka kwamba wakati wa kurudishia udongo miguu yangu ilianza kunikana, na wewe, mjane mwenyewe, ambaye wanawake walikuwa wamekushika huku na huku, ulitoka mikononi mwao ukaleta kigoda, ukakiweka nyuma yangu chini ya mti. "Baba," ukasema, "jua limekuwa kali. Kaa kivulini." Watu walidhani unazungumzia jua. Mimi nilijua unaniambia nisianguke, kwa maana nikianguka na wewe utaanguka. Nikakaa. Sikuwahi kukushukuru, kwa sababu mtu hashukuriwi kwa kutaja jua.

Hamkuwa mmejaliwa mtoto, na wengi walitazamia urudi kwenu mara baada ya matanga. Ulibaki. Ulibaki kwa ajili ya mama yenu, ambaye baada ya Paskali alikuwa akipungua kama mshumaa. Ulimwogesha, ukamlisha uji, ukapanda naye maharage kavukavu katika msimu wake wa mwisho, yeye ameketi pembeni mwa shamba akikuelekeza kwa fimbo: "Theresia, unafukia kama unazika bomba. Mbegu inataka kusikia ngurumo." Mlikuwa mnacheka. Nilisimama nyuma ya ua nikiwasikiliza, sikutaka kukohoa ili mjue nipo.

Alipotutoka naye, ilibidi uondoke. Hakuna aliyekufukuza, nami namwomba Mungu usiwahi kufikiri hivyo. Lakini nyumba yenye baba mkwe peke yake na mke wa marehemu mwanawe haikai vizuri machoni pa watu, hata kama mioyo ya waliomo ni safi. Wewe ulijua, nami nilijua, na hakuna aliyelisema. Asubuhi ile ulikuwa umesimama na cherehani yako imefungwa kwa shuka, ukingojea gari la Dongobesh. Nilikuja mpaka barabarani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kichwani, mazuri, kama ya hotuba. Nikakuambia, "Katesh kuna joto kuliko huku. Ukifika Dongobesh, sweta uivue."

"Sawa baba," ukasema. "Na wewe huku usiivue mapema."

Fabiola ananiambia kwamba safari nzima ulikaa nayo.

Sasa nije kwenye Jumapili. Pale misheni, sista aliyetufundisha Kiswahili alitusimamisha mbele ya darasa tutamke "dhambi", "dhahabu", "radhi", na sisi watoto wa huku juu tukatoa "dambi", "dahabu", "radi", mpaka akachoka akaketi. Ulimi wangu haujapona hadi leo, na wako pia, uniwie radhi kwa kusema. Kwa hiyo ningeweza kukuandikia kwamba sikusikia vizuri, na watu wangeniamini. Lakini nilisikia vizuri sana. Uliposema jina la mtu yule, niliona koti jeusi na gauni jekundu, na nikamwona Paskali ameegemea mlango. Neno lako likanifikia likiwa nusu radhi na nusu radi, nami nikalishika upande uliokuwa rahisi kushika, kama nilivyozoea.

Nilichosema kuhusu joto na radi kilikuwa kile kile kilichotangazwa redioni, bila kitu chochote chini yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, nilipotaja mawingu nilimaanisha mawingu. Sikuwa na hasira. Hapakuwa na ngurumo jikoni. Nakuomba umwite yule bwana kabla hajaamini kwamba amekataliwa, maana mtu mwenye duka katika mji kama Katesh hachelewi kuelekezwa mlango mwingine.

Naandika haya nimeketi barazani, mlango wazi kwa ajili ya upepo ambao haupo. Upande wa Mlima Hanang kumekusanyika wingu la rangi ya sufuria, na mume wa Fabiola, atakayekuletea barua hii, ananiambia nimalize upesi, anataka kuwahi gari kabla njia haijaloa. Kwa hiyo nitasema bila kuzunguka, na kama maneno yatakuwa makavu usinilaumu, sina mazoezi.

Nina huzuni. Ningekudanganya nikisema sina. Ukiolewa, jina la Paskali litabaki kwangu na kwenye msalaba tu, na wakati mwingine, asubuhi, naogopa kwamba mimi ndiye wa mwisho ninayekumbuka alivyokuwa akicheka. Lakini huzuni hiyo ni mzigo wangu mimi, haikupasa kubebeshwa binti aliyekwisha kubeba wawili wangu mpaka mwisho wao. Paskali hakukuoa ili ukae mjane. Mama yake, ninavyomfahamu, angekuwa ameshapanda gari kuja kumtazama huyo Emanueli, kumpekua kucha na kumuuliza kwa nini hajaoa mpaka sasa. Fabiola anasema ni mtu mtaratibu, anasali, na anauza mbegu. Hilo la mwisho limenifariji kidogo, maana mtu wa mbegu hawezi kukosa la kuzungumza nami.

Basi nasikia, naelewa, na nakupa radhi zangu. Nakupa radhi za mama yako mkwe pia, ambazo najua zingekuwa zako. Olewa, mwanangu. Na ukiwa na swali lolote baada ya haya, niulize kwa jina lake, nami nitajitahidi kulijibu kwa jina lake.

Nina ombi moja kwa mjomba wako, na naliandika kwa unyenyekevu. Siku tulipokuja kukuposa kwa ajili ya Paskali, mimi nilikaa upande wa waoaji, na mjomba wako alinibana mpaka nikatoka jasho. Alimkataa mtamba wetu kwa sababu ya pembe zake, ingawa nilimwapia kwamba mama yake ana maziwa mengi. Alifanya vyema, ndivyo mwenye binti anavyotakiwa kufanya. Kwa kuwa baba yako mzazi hayupo, naomba kwamba wazee wa Emanueli watakapokuja, mjomba anipe nafasi kwenye benchi lake. Sitasema mengi. Nitawatazama tu wageni, na pembe za ng'ombe wao. Nguvu za kufika Katesh bado ninazo.

Theresia, safari hii nitakaa upande wako.

Baki katika amani ya Kristo,

Baba yako wa Tumati