Nilimwambia Mama Mdogo Kipuri Hakipo Duniani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana nyumbani wakijua nimekuandikia watanicheka vya kutosha. Nimemaliza shule mwaka huu, ni mtu wa haya, wageni wakija najificha jikoni, lakini kwenye simu niko vizuri, na kwa sababu hiyo familia nzima imenibandika jina la Injini, ati mtu akitaka kujua chochote, kuanzia dawa ya kikohozi hadi fomu za chuo, anapaza sauti, "Muulizeni Injini!" nami natafuta, najibu, na nikishajibu hakuna anayebisha.

Sasa mama mdogo, ambaye ninaishi kwake, anashona mikoba ya ngozi kwa cherehani kubwa nyeusi aliyoachiwa na mama yake, yaani bibi yangu, na mwezi uliopita kigurudumu kimoja cha meno kilivunjika ndani yake, mafundi wawili wakashindwa, akanijia chumbani amekifunga kwenye kitambaa kama jino la mtoto, akasema, "Mwanangu, nitafutie kingine kama hiki," nikaandika jina la cherehani kwenye ile injini ya utafutaji ninayotumia siku zote, nikaletewa matangazo ya cherehani mpya, ukurasa wa kwanza, wa pili, nikachoka, nikamwambia, "Mama mdogo, hakipo. Duniani hakipo." Hakuuliza tena. Alisema tu, "Basi, kama Injini kasema," akaifunika cherehani kwa shuka, na sasa amekubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuichukua mwisho wa mwezi, naye anaulizia kazi ya kufagia ofisi.

Juzi nimeanza kujifunza kazi kwenye studio ya picha, na bosi wangu akanionyesha kwamba kuna injini ambayo huiandikii neno, unaipa picha nayo inatafuta inayofanana, nikaipa picha ya kile kigurudumu, na mshauri, kilitokea kilekile, kwenye ukurasa wa fundi mmoja anayekusanya vipuri vya cherehani za zamani, nikaruka kwa furaha, halafu nikakumbuka nilichosema. Kila nikitaka kumwambia mama mdogo nakimbilia jikoni. Nikikiri kwamba nilikosea nani ataniamini tena, na kutafuta ndicho kitu pekee ninachokiweza? Au niache ujumbe usio na jina mezani? Au ninyamaze, maana ameshazoea?

Ni mimi, Injini.

*

Binti yangu Injini,

Ameshazoea! Mtu aliyeifunika cherehani ya mama yake kwa shuka amezoea nini? Sentensi hiyo ifute kabisa. Na ujumbe usio na jina, katika nyumba yenye Injini mmoja? Hapo ndipo nilipocheka, unisamehe.

Pole kwa mbio za jikoni. Lakini nikuambie kosa lako, maana unalililia lisilo lenyewe. Kutokukiona si kosa. Kosa ni kwamba uliingia duka moja, hukukuta, ukatoka ukatangaza kwamba mji mzima hauna. Hiyo injini yako inapekua kurasa za kila aina kwa maneno, na waliolipia matangazo mara nyingi hukaa juu. Ipo inayopeleka swali lako kwa injini nyingine kadhaa na kukukusanyia majibu. Zipo za ndani ya masoko ya mtandaoni, ambazo hazijui lolote ila kinachouzwa humo. Zipo za wasomi, zinazoleta tafiti. Kikohozi ungekiulizia huko, kisha ukamwona daktari. Na zipo hizi mpya zinazokujibu kwa sentensi tamu kama mtu. Hizo zikodolee macho zaidi, kwa kuwa hata zikikosea sauti haibadiliki. Wewe angalau ukikosea unakimbilia jikoni.

Sasa fanya hivi. Leo, mama mdogo akishakaa, mpe simu yenye picha na useme: "Mama mdogo, nilisema hakipo. Ukweli ni kwamba sikukiona. Sasa nimekiona." Maneno kumi, nimeyahesabu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha kipimeni kile kilichovunjika kwa rula, mhesabu meno yake, umwandikie yule fundi akutumie picha ya chake kando ya rula. Msilipe chochote kabla ya hapo. Huenda akasema alishakiuza. Basi utamwambia mama mdogo, "Huyu hana," na utaendelea kutafuta kwingine. Watu hawatakuamini kwa sababu hukosei. Watakuamini kwa sababu ukikosea unarudi kusema.

Na yule mnunuzi wa vyuma akigonga, usikimbilie jikoni. Nenda mlangoni wewe mwenyewe, umwambie: "Haiuzwi."

Ni neno moja tu.