Jani la Kitanda cha Sita

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimekagua kucha za wanafunzi wa uuguzi mlangoni mwa wodi, kawaida ya Jumatatu. Wawili nimewarudisha bwenini wakazikate. Mmoja ana kucha za bandia, eti harusi ya dada yake. Tumezibandua hapohapo, akalia.

Saa nne Mwalimu Shayo akaingia na wanafunzi wanane wa mwaka wa tatu. Kitanda cha sita yupo bibi mmoja wa Kibosho. Kavunjika nyonga, na kwa kulala muda mrefu kapata kidonda kiunoni. Shayo akavuta shuka mpaka miguuni. Hakumsalimia. Hakuvuta pazia. Akamlaza ubavu na kuanza kuwaonyesha kidonda kwa ncha ya kalamu. Bibi akajifunika uso kwa kiganja.

Upendo, mmoja wa wale wanane, akamrudishia shuka, kisha akavuta pazia. Kimya kimya, hivyo hivyo tunavyowafundisha. Shayo akamfukuza mbele ya wodi nzima. Toka, na usikanyage tena hapa! Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nafunga kidonda. Hasira zilinipanda.

Jumanne, 6 Mei

Nimemfuata Shayo ofisini. Shikamoo kwanza, ni mwalimu wangu, yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Anasema binti hana nidhamu. Nikasema bibi alikuwa uchi. Anasema nisimfundishe kazi.

Bila kurudi wodini, Upendo hafanyi mtihani wa vitendo mwisho wa mwezi. Miaka mitatu ya masomo inaishia kwenye shuka. Upuuzi mtupu.

Na mtu huyuhuyu ndiye aliyetuambia mgonjwa hafunuliwi kabla ya kuombwa. Alitugombeza siku ile mpaka tukaogopa kupumua. Sijui kilimpata nini. Labda uzee. Labda kuogopwa kwa muda mrefu mno.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao cha walimu. Karibu chote kimekwenda kwenye urefu wa sketi na rangi ya soksi. Suala la Upendo likaja mwisho, watu wanatazama saa. Mkuu wa chuo kasema mwanafunzi aombe radhi, tulinde heshima ya taaluma. Habari ya bibi hakuna aliyeigusa. Nikaigusa mimi. Nikaambiwa hiyo ni ajenda nyingine. Nilitamani kurusha kikombe.

Upendo amekataa kuomba radhi. Nampenda kwa hilo, na ananitia wazimu kwa hilohilo.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa nafua. Akaja baba yake Upendo, mkungu wa ndizi mshare begani, jani la isale mkononi. Isale si mchezo huku kwetu. Ukiletewa kuombwa msamaha, hukatai. Anataka nimpelekee Shayo, mwenyewe anaona aibu kwenda.

Nikamwambia binti yake hakukosa. Akaniacha nimalize.

"Mwalimu, mimi mambo ya wodi siyajui. Mimi nataka mtoto afanye mtihani, basi."

Nimelipokea. Nikamkasirikia alipoondoka, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mzee wa watu kashuka mlima kwenye tope lile kuomba msamaha wa kosa la mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeliweka jani mezani kwa Shayo. Akatabasamu, akanyoosha mkono. Nikaliwekea kiganja juu. Nikamwambia baba wa binti kakuletea wewe, lakini aliyekosewa ni mmoja tu, na yuko kitanda cha sita. Mpelekee. Alisimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka. Nikatoka, jani nikaliacha palepale.

Sasa naogopa. Halikuwa jani langu. Nimecheza na mtihani wa mtoto wa mtu.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna kitu. Majina ya mtihani yanafungwa Ijumaa, la Upendo bado halipo. Baba yake kapiga simu asubuhi na mchana, sijapokea. Nitamwambia nini? Shayo ananipita koridoni utadhani sipo. Nimegombana na kila mtu leo, mpaka na mama wa maandazi. Mjinga mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Bibi kaniambia mwenyewe wakati namsafisha kidonda. Jana jioni yule mwalimu alikuja peke yake, na isale. Alivuta pazia. Akamnyooshea lile jani. Bibi akalipokea, angefanyaje. Ila alimwekea sharti.

"Nikamwambia, yule binti aliyenifunika arudi. Anigeuze yeye. Na wewe utashika upande wa pili."

Bibi alisema hivyo huku akitengeneza kilemba chake. Nilicheka mpaka bandeji ikanidondoka.

Mchana wamemgeuza. Upendo kushoto, Shayo kulia, hawasemeshani, lakini shuka halikuteleza hata kidogo. Jina limeingizwa. Shayo hakuitikia shikamoo yangu. Sawa tu.

Jioni nimempigia baba yake Upendo. Nikamwambia jani limepokelewa, mtoto atafanya mtihani. Akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Hakuuliza limepokelewa na nani.