Fomu Tano za Majaribio

Jumatatu, 7 Julai
Fomu ya mwezi tena. Kazi yangu ni kuizima mashine kuu ya kompyuta za hospitali saa nzima, nione kama ile ya akiba inashika kazi na ina kumbukumbu zote za wagonjwa. Sikuizima. Kila nikizima wodi zinalalamika, nami nimechoka kusemwa. Nimetia saini kwamba nimejaribu, nikawahi basi la kurudi nyumbani Kilburn. Mara ya tano sasa.

Alhamisi, 10 Julai
Joto kali. Viyoyozi vya chumba cha mashine vimekufa saa nne asubuhi, mashine kuu ikajizima. Ya akiba ikashika. Bosi akanipigapiga begani.
Saa nane ndipo nikaona: kumbukumbu zake zimeishia Machi. Nikapiga simu wodi zote, msisome kompyuta, andikeni kwenye karatasi. Sababu sikuisema. Nimechelewa. Mzee mmoja anayekuja kusafishwa figo keshapewa dawa aliyokatazwa na daktari mwezi Mei. Aliyempa ni dada Zuhura, Mpemba, nesi makini kuliko wote. Alisoma alichoonyeshwa na mashine yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Mzee yu hai, chumba cha wagonjwa mahututi. Dada Zuhura kasimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Mimi nimeletewa keki ya pongezi, kwa kuwa mashine ya akiba ilishika. Nimeila. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 13 Julai
Kipaimara cha mtoto wa shemeji, Thamesmead. MC akanisimamisha: huyu ndiye aliyeiokoa hospitali. Vigelegele. Binti yangu akanishika mkono. "Well done, Baba." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 14 Julai
Nimempelekea bosi fomu zote tano. Nikamwambia sikujaribu hata mara moja. Alizipanga mezani, akazitazama moja moja, hakuniangalia. Aibu kama hii sijapata kuiona.

Jumatano, 23 Julai
Mzee ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mimi nimepewa onyo la mwisho, na sitii saini tena peke yangu. Leo nimeizima mashine kuu, saa nzima, mwenzangu kasimama nyuma yangu anaandika. Wodi zimelalamika.
Dada Zuhura karudi kazini. Tumekutana kwenye ngazi. Miaka sita ananiita kaka Elias, na lazima aulize habari za nyumbani, mpaka za binti.
Leo amesema, "Hujambo, Elias."
Nikamwambia sijambo. Nikampisha apite.